"Binge" kwenye tangazo la futari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi hotelini, Nyali. Niliandika tangazo la futari kwa Kiingereza, "Join us for an eating binge". Meneja alicheka, akalipiga mstari mwekundu. Karatasi ya maneno ya Kiingereza niliyonunua inasema "binge", "spree" na "overindulge" zote maana yake ni kufanya kitu kupita kiasi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Iliyokosea ni hiyo karatasi, na naijua. Inauzwa kwenye vibanda vya fotokopi pamoja na "maneno makali ya kumshangaza bosi". Bosi wako ameshangaa kweli.

"Binge" ni kufakamia, mtu anabugia na kujizuia hawezi. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2013, waliuweka ulaji wa namna hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea. Na asili ya neno ndiyo balaa zaidi: katika lahaja za mashambani Uingereza lilikuwa na maana ya kulowesha pipa la mti, kisha likahamia kwa mlevi anayejilowesha kwa pombe. Hebu fikiria, dada, unawaalika waliofunga!

"Spree" ina uchangamfu: mtu kajiachia kwa muda, basi. Wanaofurika Biashara Street Idd ikikaribia, wakatoka na mifuko hadi kwapani, hao "went on a shopping spree". Shika hiyo "went on". "Did a shopping spree" naikuta kila siku na haisomeki. Lakini neno hilo hilo likikaa na "killing" ni mauaji ya mfululizo. Na "binge" nayo, ikiungana na "watch", yaani kutazama vipindi vingi mfululizo, haimtishi mtu. Kamusi ya Collins iliifanya "binge-watch" neno la mwaka 2015. Kwa hiyo tazama neno limekaa na nani. Karatasi yako haina majirani, ina safu mbili tu.

Tangazo lako liandike "Break your fast with us", kisha utaje kaimati, viazi karai na mkate wa sinia. Njaa itafanya kazi iliyobaki.

Linalonichosha hasa ni imani kwamba neno zito ndilo Kiingereza kizuri. Sisi tukisema chakula kitamu mno, tumesifu. Mwingereza akisema "too sweet", anarudisha sahani, maana "too" ni kuzidi hadi kuharibu. Ndiyo maana nasoma barua za kuomba kazi zenye "I am too hardworking", na mwenyewe anangoja kuitwa kwenye usaili. Kuna na walimu wa tuisheni ya wiki mbili wanaokaririsha vijana orodha hizi bila sentensi hata moja ya mfano, na ada wanachukua kamili.

Juzi kijana aliniletea barua niihariri: "I binge on hard work." Nikamuuliza alikusudia kusema nini. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi kama yako.