Jibu: 134/86 si presha bado, ila usiipuuze

Ndugu yangu wa Ujiji, pole kwa wasiwasi. Unauliza kama 134/86 uliyopimwa duka la dawa ni presha, na kama uanze kumeza vidonge vya mama yako. Vidonge hivyo usiviguse, alipimiwa yeye. Presha ya juu huanzia 140/90, tena ikirudiwa siku tofauti. Wewe uko njiani kuelekea huko, na mzazi mwenye presha anakuongezea hatari, sawa na kitambi, pombe, sigara na chumvi.

Rudia kipimo ukiwa umekaa dakika tano, umeegemea, miguu chini, umeshakojoa.

Chumvi ndiyo iliyonisumbua mimi, nilipopimwa 136/88. Dagaa wakavu wa chumvi nilikuwa nawakaanga hivyohivyo, kisha naongeza chumvi mezani! Sasa nawaloweka maji ya moto, namwaga, nawaosha tena, nyanya na ndimu vinatosha. Kwa siku nzima usivuke kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Tembea pia nusu saa kila siku, hapohapo Ujiji inawezekana kabisa.

Ikifika 140/90 au zaidi siku tofauti, muone daktari. Kifua kikibana, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, kimbilia hospitali ya Maweni saa hiyohiyo.