Miche imejiotea yenyewe: ni mboga au sumu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kabla ya masika nilimwaga samadi ya ng'ombe kwenye bustani yangu nyuma ya nyumba. Mvua ziliponyesha ikaota miche ambayo sikuipanda. Mmoja majani yake ni mekundu upande wa chini. Wa pili ulianza na majani mawili marefu membamba, na ukiufikicha unanuka vibaya. Wa tatu unatambaa, una shina jekundu na vijani vinene. Mama mkwe anasema zote ni mboga za kienyeji, tuchume tupike. Nina watoto wadogo, naogopa. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichume kwanza, na huo wa pili usiingie jikoni kabisa.

Mbegu zimekuja na samadi. Ng'ombe akila magugu yaliyokomaa, mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, na samadi isipooza vizuri zinaota kwako. Ndiyo maana umepata mchanganyiko.

Wa kwanza nauona kuwa mchicha pori, lakini wekundu peke yake hautoshi. Subiri uwe na majani matano au sita, kisha tazama ncha ya jani: mara nyingi ina kibonyeo kidogo, kama pameng'atwa na mdudu. Mche ukitoa miiba pale jani linapoungana na shina, huo ni mchicha wa miiba, nao unaliwa ukiwa mchanga.

Wa tatu unafanana na tako la hasani, mboga ya kienyeji inayotambaa. Vunja shina. Likitoa maji safi, endelea kuutunza mpaka utoe maua madogo ya njano. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, si wenyewe, ng'oa. Ila kipimo hicho ni cha mmea huu tu. Mchunga nao una utomvu mweupe, na sisi watu wa pwani tunaula na uchungu wake tangu utotoni.

Sasa huo wa pili. Majani mawili ya mwanzo marefu na membamba, halafu harufu mbaya: kwangu huo ni mnanaha, mmea wenye sumu, mpaka utakapothibitika vinginevyo. Mama mkwe huenda ameudhania mnavu, na simlaumu, maana ni mimea ya ukoo mmoja na michanga yake hufanana. Mnavu huanza na vijani vifupi vyenye ncha. Ikikua haifichiki tena: ua la mnavu ni dogo, jeupe, lina njano katikati, la mnanaha ni kubwa lenye umbo la tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Hata kwenye mnavu, watoto wasile vile vitunda vibichi vya kijani.

Kuchemsha hakuondoi sumu ya mnanaha. Aliyeula hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, moyo hwenda mbio, akaanza kuweweseka. Mwaka 2019 kaskazini mashariki mwa Uganda, unga wa lishe uliochanganyika na mbegu za mmea wa aina hiyo uliwadhuru watu karibu 300, na 5 wakafariki. Mtoto akiula, usimpe maziwa ukasubiri. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na kitawi cha mmea mkononi.

Kwa hiyo fanya hivi. Hamishia mche mmoja wa kila aina kwenye kopo lenye udongo, uweke mahali watoto hawafiki, uuache utoe maua. Miche mingine ya aina ile ya pili ing'oe sasa kabla haijazaa mbegu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Na kamwe usionje kidogo ili kujua. Huko siko kuitambua mboga.

Mama mkwe usimpuuze. Mwite bustanini mchana kweupe, asimame mbele ya kila mmea, akuambie unaitwaje, ua lake likoje na kwao waliupikaje. Atakaousitia, hata kidogo, msiule.

Msimu ujao, samadi irundike kwanza, imwagie maji, ifunike na uigeuzegeuze kwa miezi kadhaa. Rundo likipata joto sawasawa, mbegu nyingi zinafia humo.