Nilicheza Joka, nikafungwa. Niliache?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Klabuni kwetu ya sataranji nikishika nyeusi naanza na Ulinzi wa Sisilia, tawi lake liitwalo Joka. Juzi mpinzani alimpeleka mfalme wake upande wa malkia, wangu akiwa upande wa pili. Hatua ya 12 akasukuma askari h4 (herufi ni safu, namba ni mstari). Ngome yangu ilikuwa c8, farasi mmoja e5. Nikacheza a6 ili farasi wake asiingie b5. Akaja h5, nikamla askari huyo kwa farasi wa f6. Akasukuma g4, farasi akarudi f6, askofu wake akatua h6. Haikuchukua muda malkia wake akala h7, nikafungwa. Wenzangu wanasema Joka ni la mabingwa tu. Niliache?

JIBU: Marahaba. Usiliache! Kilichokuponza ni a6. Wafalme wakikaa pande tofauti, mchezo ni mbio za nani atamshambulia mwenzake kwanza, na wewe ulisimama hatua nzima kuzuia farasi ambaye hakuwa na haja na b5. Alikuwa anaitaka d5, amng'oe farasi wako wa f6 anayelinda h7, kisha malkia ale h7.

Hata bingwa Korchnoi alimla askari wa h5 alipocheza na bingwa mwenzake Karpov, Moscow, 1974. G4 ikamrudisha f6 vilevile, akasalimu amri hatua ya 27. Kwa hiyo hatua ya 12 sukuma askari wako h5 wewe mwenyewe. Njia hiyo inaitwa kwa jina la mchezaji Andrew Soltis, na inamfungia mpinzani safu ya h.

Sasa akileta askofu h6, mle. Malkia wake akila h6, atakuwa ameacha kuilinda c3. Hapo toa ngome yako, kula farasi wa c3! Najua inauma kutoa ngome ya pointi 5 kwa farasi wa 3, ila huyo ndiye farasi aliyekuwa akienda d5. Askari wa b akila, ukuta wa mfalme wake umebomoka, na malkia wako anatua a5. Wachezaji wengi wa klabu huliogopa tendo hili, nami naliona ndiyo roho ya Joka. Kasparov alilichagua Joka hilihili akitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Anand, New York, 1995, akashinda nalo mchezo wa 11.

Mpinzani makini ataleta askofu g5 badala ya h6. Usikimbilie kumfukuza, peleka ngome c5, ilinde mstari wa tano.