Wawili wasishike nafasi moja

Umeuliza namna ya kuzuia wanafunzi wawili wasiweke miadi na mshauri mmoja kwa saa ileile. Ndugu yangu, usitegemee ukurasa wa tovuti wa kuweka miadi pekee kukagua kama nafasi iko wazi. Wakibonyeza kitufe kwa pamoja, wote wataiona iko wazi na wote watapita. Weka sharti kwenye hifadhidata yenyewe, yaani mahali miadi yote inapotunzwa: jozi ya mshauri na muda wa kuanza isijirudie, isipokuwa miadi ya kwanza imefutwa. Wa pili atakataliwa hapohapo, nawe umwonyeshe nafasi zilizobaki. Saa zihifadhi kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, ila kila mtu aone saa za kwake. Na tafadhali, acha dakika 10 kati ya vipindi. Mshauri anahitaji kuandika aliyoyasikia kabla hajampokea mwingine.