Kitambulisho 1966, cheti cha kuzaliwa 1969

SWALI: Mimi ni karani wa serikali hapa Kisumu. Kitambulisho kinasema 1966, lakini cheti changu cha kuzaliwa kinasema 1969. Nimeletewa barua ya kustaafu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo ni miaka 3 ya mshahara, kwa kuwa watumishi wa umma wengi hustaafu wakiwa na miaka 60. Anza na fomu uliyojaza ulipoajiriwa. Ukiandika 1966 kwa mkono wako, una kazi ngumu.

Kisha tazama tarehe ya usajili kwenye cheti. Kikisajiliwa majuzi, mwajiri atadai kimetafutwa ili kuchelewesha kustaafu, na hati ya kiapo pekee haitakuokoa. Tafuta karatasi za zamani: kadi ya ubatizo, rejista ya darasa la kwanza. Mtoto wa 1969 aliyeanza shule 1975 ana hesabu inayoeleweka.

Mwandikie mwajiri leo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikataa, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Kisumu, ukiomba amri ya kusimamisha kustaafu kabla tarehe haijafika. Ukishatoka ofisini, kurudishwa ni vigumu mno.