Ujenzi wa nyumba umepoa: je, shule nazo zisubiri?

Wiki hizi nimepokea maswali kadhaa kutoka kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaoishi pembezoni mwa mji, ambako viwanja vilipimwa kwa wingi na sasa ujenzi umepungua. Wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: kuna haja gani ya kujenga shule mpya wakati huu?

Mtaani kwetu Ufukoni maboma yameota majani na mafundi wanashinda kijiweni. Shule mpya ni ya nani? (Mkazi wa Ufukoni, Mtwara)

Ni ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza Januari 2028 akiwa na miaka sita alizaliwa mwaka 2022 au kabla yake, na kadi yake ya kliniki ipo tayari, iwe boma la jirani limefika kwenye lenta au halijafika. Anayetaka kujua mahitaji ya madarasa aanzie kwenye daftari la chanjo la zahanati ya kata, kisha ndipo ahesabu mabati.

Tukumbuke pia kwamba Mtwara imepitia vipindi vya namna hii mara kadhaa. Bei za viwanja zilipanda wakati wa matumaini ya gesi, zikapoa baada ya bomba la kwenda Dar es Salaam kukamilika mwaka 2015, na msimu wa korosho wa 2018 nao ukawaacha wengi na misingi isiyoinuka, kwa sababu huku kwetu nyumba nyingi hujengwa kwa fedha za korosho. Hata hivyo sensa ilihesabu watu 1,270,854 katika mkoa huu mwaka 2012, na 1,634,947 mwaka 2022. Ujenzi unapokwama, mji hauachi kujaa bali hujaa ndani kwa ndani: nyumba ya vyumba vinne iliyokuwa ya familia moja hupokea ya pili, na watoto wa familia zote mbili huandikishwa shule ileile.

Mwaka jana niliingia katika darasa la kwanza la shule moja ya pembezoni ambayo sitaitaja. Dawati la watoto watatu lilikaliwa na wanne, na yule wa mwisho, msichana mdogo aliyevua viatu vilivyojaa mchanga, alikuwa ameegemeza mguu mmoja sakafuni ili asianguke huku akiandika. Kila alipomaliza mstari aliinuka kidogo, akasogea, akakaa tena. Nje ya dirisha lake palikuwa na maboma matatu yasiyo na watu.

Kwa nini mwaka 2028 unatajwa sana? (Mwalimu, Chuno)

Kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo watamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, na msongamano huo utapanda nao kidato kwa kidato.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaodai shule mpya za kila aina. Darasa la saba likiondoka, kila shule ya msingi itabaki na vyumba vilivyokuwa vya darasa hilo. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, fedha ya ujenzi mpya ielekezwe kwanza sekondari, na shule mpya ya msingi ijengwe pale tu ambapo watoto wanatembea mbali au wamebanana kiasi kwamba vyumba hivyo havitawatosha.

Halmashauri itapata wapi fedha ikiwa watu hawajengi? (Muuza vifaa vya ujenzi, Mtwara)

Ni kweli kwamba ada za vibali vya ujenzi na mauzo ya viwanja hushuka. Lakini sehemu kubwa ya fedha za madarasa hutoka Serikali Kuu na miradi yake: mwishoni mwa 2021, kwa mfano, madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalijengwa kwa shilingi milioni 20 kila moja. Kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye umeme wa LUKU tangu Agosti 2021, hivyo haisubiri nyumba mpya. Nawe unajua kuliko mimi kwamba fundi asiye na kazi hupatana bei kwa upole, na kamati ya shule inayosimamia ujenzi kwa force akaunti, yaani kwa kuwatumia mafundi moja kwa moja bila mkandarasi, hunufaika na upole huo.

Sisi wa Mitwero tunaambiwa tusubiri mradi wa kusindika gesi wa Likong'o. Tusubiri? (Mkazi wa Mitwero, Lindi)

Hapana. Mradi huo umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Jengeni kwa idadi ya watoto mlionao.

Tukikubaliana kujenga, tuanze na nini? (Mjumbe wa kamati ya shule, Naliendele)

Anzeni na ardhi, hata kama hamna mfuko mmoja wa saruji. Eneo la shule lililoachwa wazi kwenye ramani ya mipango miji huwa salama wakati viwanja havina wateja. Soko likichangamka, mtu hupanda mihogo, mwaka unaofuata huweka banda, kisha kibanda cha tofali, na kumwondoa hudai fidia na kesi. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa na mpimaji, mtafute bikoni zote, yaani alama za mipaka, mzifyeke, mzipake chokaa, na mwombe halmashauri iwape hati ya eneo hilo kwa jina la shule. Baada ya hapo jengeni vyumba viwili na matundu ya vyoo, mkiacha nafasi ya kuongeza mikondo. Bikoni moja ya eneo lenu, nimeambiwa, tayari imo ndani ya uzio wa mtu. Anzeni na hiyo.