Maswali ya wasomaji: Kwenda Andrea Doria kwa boti ya kukodi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kuzamia meli zilizolala kina kirefu, mbali na pwani, mtu akiwa abiria kwenye boti ya kukodi. Majibu yetu yote tumeyajenga juu ya meli moja, Andrea Doria, maana ndiyo iliyotajwa na wengi na ndiyo inayodai maandalizi makubwa zaidi.

Habari za kazi. Ninaongoza watalii kuzamia hapa kwetu na MV Dania, meli iliyozamishwa hapa kwenye mita thelathini hivi, naijua kama nyumbani. Mjomba wangu anaishi New York, kwa hiyo pa kufikia ninapo. Je, kwa cheti changu cha kuongoza wazamiaji nitapokelewa kwenye boti inayokwenda Andrea Doria? (Msomaji, Mombasa)

Kwa cheti hicho peke yake, hapana, na nahodha atakayekupokea ni wa kuogopwa. Andrea Doria ilikuwa meli ya abiria ya Italia, urefu wake kama mita 212. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 iligongana na Stockholm, meli ya Sweden, kusini mwa kisiwa cha Nantucket, Marekani, ikazama asubuhi yake. Watu wake 46 walikufa. Imelalia ubavu wa kulia kwenye mchanga wa mita 73 hivi, karibu kilomita 80 kutoka kisiwani. Maji ya chini ni baridi kali hata Julai, mkondo hubadilika bila taarifa, nyavu za wavuvi zimenasa juu yake, na chuma kinazidi kuporomoka mwaka hadi mwaka, hivyo mchoro wa zamani wa meli hautakuonyesha njia. Zaidi ya wazamiaji 15 wamefia hapo.

Uzoefu wako wa mita thelathini kwenye maji ya vuguvugu una thamani, lakini haujagusa mambo matatu: baridi, giza na kutoweza kupanda juu moja kwa moja. Anza na suti kavu na mitungi pacha mpaka uweze kufunga na kufungua vali zako mgongoni bila kufikiri. Kisha soma hatua za kupanda kwa vituo, yaani kusimama njiani ili gesi itoke mwilini polepole, halafu gesi ya trimiksi (oksijeni, heliamu na nitrojeni), kwanza ya mita 60, baadaye ile ya kina zaidi ambayo oksijeni yake ni kidogo. Kati ya kozi na kozi, zamia meli za maji hayo hayo. USS San Diego, iliyozama mwaka 1918 karibu na Fire Island na kulala kichwa chini miguu juu kwenye mita 33 hivi, itakufunza mkondo, ukungu na ngazi ya boti kabla hujaongeza kina. Nahodha makini atataka kuona daftari lako la kuzamia, hasa ulizamia lini mara ya mwisho, na kwa gesi gani.

Nimeambiwa boti inatoa usafiri tu na kila kitu nibebe mwenyewe. Nibebe gesi kiasi gani? (Msomaji, Boston)

Uliyoambiwa ni kweli. Boti hukupa kitanda, chakula, nanga na macho ya mabaharia. Gesi, vipuri na mpango wa kuzamia ni mzigo wako.

Tufanye hesabu kwa mita 73, yaani shinikizo la bar 8.3 (bar moja ni kama shinikizo la hewa juu ya maji). Hewa ya kawaida kwa kina hicho ina oksijeni ya bar 1.74, wakati kikomo cha kawaida cha mtu anayefanya kazi ni 1.4, mbali na hilo, nitrojeni yake inalevya. Mchanganyiko wa asilimia 15 oksijeni na 55 heliamu unashusha oksijeni hadi bar 1.25, na ulevi unakuwa kama wa hewa kwenye mita 27. Uzito wa gesi nao una maana: mchanganyiko huo ukifika chini una gramu 5.7 hivi kwa lita, juu kidogo ya 5.2 inayopendekezwa na chini ya 6.2 ambayo haifai kuvukwa. Ukiipita hiyo, mapafu hushindwa kutoa kaboni dioksaidi, na mtu hupagawa akidhani kifaa chake cha kupumulia kimeharibika. Ndiyo maana hatukushauri kubana heliamu ili kuokoa pesa.

Sasa ujazo. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta lita 166 kwa dakika akiwa chini. Mitungi pacha ya lita 12 kwa bar 232 ina lita 5,568. Ukifuata kanuni ya theluthi (moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura), una lita 1,856 za kwenda, na hizo zinaisha kwa dakika 11. Pacha ya lita 18 inakupa dakika 16 hadi 17. Ndiyo sababu wengi leo wanatumia mashine ya kuzungusha pumzi, inayosafisha pumzi kwa chokaa na kurudisha oksijeni kidogo kidogo. Lakini mashine haikuondolei mitungi ya kujiokoa: ikifa katikati ya meli, lazima ubavuni uwe na gesi ya kukufikisha juu na vituo vyote.

Kwa vituo, beba mchanganyiko wa asilimia 50 wa kutumia kuanzia mita 21, na oksijeni safi kuanzia mita 6. Kosa tunalolisikia sana ni kuleta oksijeni kwenye kimtungi cha lita 5.7. Kikijazwa bar 207 kina lita 1,180. Dakika 40 kwenye mita 6, ukivuta lita 15 kwa dakika, zinataka lita 960. Ongeza nusu yake kama akiba, unafika 1,440. Hakitoshi. Chukua wa lita 11.

Kila mtungi uandike kwa tarakimu kubwa kina chake cha mwisho, 21 au 6, mahali ambapo mwenzako anapaona. Pima kila gesi dukani, ipime tena botini. Anayeweka mdomoni oksijeni safi kwenye mita 40 anavuta bar 5 za oksijeni. Degedege humkamata na regulata, kifaa anachopumulia, humtoka mdomoni. Na ile ya asilimia 15 usiivute juu ya maji huku ukipambana na mkondo, utazimia. Anza na ya asilimia 50, kisha badilisha ukiwa umeshuka, kabla ya kuipita mita 21.

Nanga inafungwaje kwenye meli iliyo mita 70 chini? Na nikipoteza kamba ya nanga? (Msomaji, Muscat)

Hapa ndipo penye kiini cha safari nzima, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwenye boti za New York na New Jersey, nahodha huitafuta meli kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akaangusha nanga ya makucha. Baharia mmoja au wawili huzama kabla ya abiria. Kazi yao ni kuzungusha mnyororo kwenye mbavu nene ya meli na kuufunga kwa pingu. Bati lililoliwa na kutu halifai hata kidogo, maana boti ikinyanyuliwa na wimbi litakatika, na nanga itahama huku watu wakiwa chini. Wakimaliza huachia vikombe vya povu vielee hadi juu. Vikionekana nyuma ya boti, abiria wanaanza kuvaa. Mtu wa mwisho ndiye hufungua mnyororo.

Kutoka kwenye kamba ya nanga, kamba nyingine hupita chini ya maji ubavuni mwa boti, kutoka omo hadi tezi. Ukiruka, ishike hiyo. Usiogelee juu ya maji kuifuata nanga, utafika chini umeshachoka na kaboni dioksaidi imekujaa. Ukifika kwenye meli, funga taa inayomweka karibu na mnyororo. Maji yakiwa na vumbi, funga pia uzi wa rila yako (gurudumu la uzi) hapo hapo, uuvute nyuma yako.

Ukiipoteza kamba, usitumie zaidi ya dakika chache kuitafuta. Funga kamba yako ya katani mahali imara kwenye meli, jaza hewa mfuko wa kuelea ulio mwisho wa pili wa kamba, uuache uende juu, kisha pandia kamba hiyo na ufanye vituo vyako vyote hapo. Kufunga chini ndiko kunakokuokoa. Mkondo wa noti moja na nusu (maili za baharini kwa saa) humpeleka anayeelea bure kilomita tatu na nusu kwa dakika 75, na boti iliyofungwa kwenye meli yenye watu wengine kwenye kamba haiwezi kukufuata. Ukungu wa eneo hilo ni mzito na meli kubwa hupita karibu. Kwa hiyo beba pia boya refu la rangi kali, kioo, filimbi, taa na redio ya VHF iliyo ndani ya kasha lisiloingia maji, na ujue kuitumia ukiwa umevaa glavu nene.

Katika Mlango wa Uingereza utaratibu ni mwingine: boti haifungwi, wazamiaji huelea pamoja kwenye kituo chenye fito za mita 6 na 9, nayo huwafuata. Tunaupenda mtindo huo penye mkondo mkali, ila unataka kila mtu arudi kwa wakati.

Ukirudi botini, usikae kamwe chini ya ngazi yenye mtu. Akianguka na kilo hamsini mgongoni, anakuangukia wewe.

Kichefuchefu huniua. Nimeze nini? (Msomaji, Tanga)

Muulize daktari, na dawa yoyote ijaribu nchi kavu wiki kadhaa kabla, ili uone kama inakulevya. Kibandiko cha dawa cha nyuma ya sikio hukausha mdomo na huweza kufifisha macho. Uliyetapika usiku kucha usizame asubuhi, kwa kuwa mwili ulioishiwa maji hutoa gesi vibaya.

Nikikuta sahani ya zamani naruhusiwa kuchukua? (Msomaji, Mwanza)

Zamani wengi walichukua vyombo vya Andrea Doria. Sisi hatushauri: waliojipenyeza kufuata sahani ni miongoni mwa waliopotea ndani. USS San Diego ni meli ya kivita, na sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inakataza kuchukua au kuvuruga kitu bila kibali.

Mume wangu amelipia safari ya Julai. Naomba mniambie ukweli: akipanda juu anaumwa, wanafanya nini? Na mimi niliye nyumbani nifanye nini? (Msomaji, London)

Dada, hatari ipo, lakini kuna mambo unayoweza kumdai kabla hajaondoka.

Akipata ugonjwa wa viputo, yaani gesi kutengeneza viputo mwilini mtu anapopanda, mabaharia watamlaza, watampa oksijeni safi kwa barakoa na maji ya kunywa kama ana fahamu, na nahodha ataita Walinzi wa Pwani kwa chaneli ya 16. Helikopta inategemea hali ya hewa, na boti yenyewe huchukua saa nyingi kufika bandarini. Kwa hiyo amuulize nahodha kuna lita ngapi za oksijeni ya wagonjwa. Mtu mmoja akivuta lita 15 kwa dakika kwa saa tano anamaliza lita 4,500. Jibu likiwa kimtungi kimoja kidogo, atafute boti nyingine.

Aandike karatasi mbili, moja yako na moja ya nahodha: jina la boti na bandari, saa ya kurudi, dawa anazotumia, maradhi yake, namba ya bima ya kuzamia, namba yako. Bima isome wewe mwenyewe uone kama inafika kina cha mita 75.

Na dalili zinaweza kuchelewa. Akirudi hotelini akakupigia simu akilalamika bega, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kushindwa kukojoa, usimwache alale aone asubuhi itakuwaje. Aende hospitali na aseme wazi kuwa amezamia zaidi ya mita 70 kwa heliamu, aulizie chemba ya mgandamizo, chumba cha shinikizo cha kutibu viputo. Tiketi ya ndege ya kurudi London iwe angalau saa 24 baada ya kuzama mara ya mwisho, na sisi tungeweka saa 48.